Siku Nilipomhesabu Mama

Niliporudi nyumbani Makoko, hapo Musoma, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta aliniuliza kazi gani hasa ninayofanya huko kwa wazungu. Nikamjibu ilivyo: napiga hesabu ya uwezekano wa diski ya injini ya ndege kupasuka ikiwa angani. Mama wa watu akashika kiuno. "Yesu wangu! Kwa hiyo zikiangukaga ni wewe?" Jumapili ile ile kanisani nikasikia naitwa Bi Ajali. Nilinuna mwezi mzima, halafu nikazoea.

Ngoja nieleze vizuri, maana nimechoka kueleza nusu nusu. Ndani ya injini ya jeti kuna duara nene la chuma, ndiyo diski yenyewe, na pembeni yake yamepangwa mapanga yanayosukuma hewa. Panga moja likikatika, ganda la injini linaweza kulizuia. Diski ikipasuka hakuna cha kuizuia. Vipande vinapita vinapotaka, iwe bawa, iwe tangi la mafuta, iwe watu. Kwa hiyo haitakiwi kupasuka, basi. Tatizo ni kwamba chuma kinayeyushwa na binadamu, na mara chache sana kinabaki na kipunje kigumu ndani yake. Jicho halikioni, na hata mashine ya mawimbi ya sauti inaweza kukipita. Kila ndege inaporuka na kutua, chuma kinavutwa na kuachiwa, na pale kwenye kipunje ufa unaanza, unakua kidogo, safari nyingine unakua kidogo tena.

Zamani wahandisi walichukulia kwamba chuma ni safi, wakahesabu umri wake, wakaenda kulala. Siku hizi hatulali. Tunajiuliza kama kipunje kipo, kipo sehemu gani, kina ukubwa gani, ufa wake utakimbia vipi, na fundi akikagua atauona au utamponyoka. Jibu la diski moja hakuna anayelijua. Basi kompyuta inatengeneza diski za kufikirika, maelfu kwa maelfu, kila moja inapewa kipunje chake kwa bahati nasibu, zinarushwa zote humo humo ndani ya kompyuta, halafu tunahesabu zilizopasuka kabla ya siku yao ya kutolewa. Jibu huwa dogo sana, hata uchoke kuandika sifuri baada ya nukta. Lakini sifuri tupu haijawahi kutokea, na mimi sijawahi kuiandika.

Nilikuwa nimeomba kazini nifanyie kazi nyumbani kwa mtandao kwa sababu moyo wa mama ulikuwa unachoka. Mama yangu aliuza dagaa miaka yote ya utoto wetu. Alikuwa anafuata mzigo mpaka Murangi, anapanda nao juu ya lori, anaimba. Sasa alikuwa anashindwa kumaliza uwanja kutoka mlangoni mpaka kwenye kamba ya nguo. Miguu ilivimba, usiku alilala ameegemea mito. Daktari wa Musoma akatuambia valvu moja ya moyo imeharibika, haina dawa ya kumeza, inatakiwa kubadilishwa Dar es Salaam. Nafasi ilikuwa imepatikana. "Ila asiende na basi," akasema. "Kukaa kwenye kiti kuanzia huku mpaka kule, kwa moyo huu, sikubali. Mpandisheni ndege Mwanza."

Mimi nikaona jambo limekwisha. Loo! Nilisahau mimi ni mtoto wa nani.

Kwetu mgonjwa hapelekwi mbali hivi hivi. Baba anaishi Musoma mjini tangu ujana wake, ni mfanyabiashara wa ngozi, anavaa saa, lakini ng'ombe wake wako Butiama kwa kaka yake mkubwa, na kichwa chake pia kiko huko. Safari kama ile lazima ndugu wakae. Tukaenda, mimi na baba, mama tukamwacha Makoko na shangazi. Baba mkubwa alikuwa ametayarisha kila kitu. Tukala ugali wa muhogo na mtama, nyama, maziwa ya mgando, ndipo wazee wakaanza kuuliza. Waliuliza vizuri tu. Ni nani atampokea huko? Mimi nitakuwa naye. Atapasuliwa wapi? Kifuani. Hapo wakaguna, lakini wakameza.

Halafu baba mkubwa akanigeukia. "Wewe ndiwe mwenye kazi ya hayo madude. Tuambie. Ndege itamfikisha?"

Jibu lilikuwa neno moja. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema, "Itamfikisha, baba." Mimi nikanyoosha mgongo, nikakohoa, nikaanza kufundisha. Nikawaeleza diski, nikawaeleza kipunje na ufa. Nikaona wananisikiliza, nikanogewa. Nikasema, "Kwa hiyo, baba mkubwa, uwezekano wa mama kufa kwa sababu ya diski kupasuka ni..." nikaitaja ile tarakimu na sifuri zake zote, nikaona fahari kabisa, maana ni ndogo ajabu.

Mjomba mmoja aliyekuwa anatafuna aliacha kutafuna.

Mtu wa mjini hawezi kuelewa nilichofanya. Butiama ukiingia zizini kwa mtu huulizi ana ng'ombe wangapi, na mwenyewe hasemi. Jioni mchungaji anasimama langoni, anaangalia wanavyoingia, anajua yupi hayupo kwa sura, kwa pembe, kwa rangi. Hanyooshi kidole. Mama mwenye watoto ukimuuliza anao wangapi, atakwambia, "Wapo, Mungu amenipa." Mwenye uhai hatajiwi namba, kwa sababu ukimtajia umemtenga na wenzake, umemwonyesha kwa kinachomtafuta. Hayo nilikuwa nayajua tangu mdogo. Nilikuwa nimeyaweka mbali sana kichwani, pamoja na nyimbo za chekechea.

Baba mkubwa akasimama. Hakufoka. Afadhali angefoka. "Umemhesabu mama yako," akasema. "Umemhesabu na kifo mbele yetu." Akachukua fimbo yake, akaenda zizini. Kikao kikafa pale pale.

Kwenye gari baba hakuniangalia mpaka tunaingia Musoma. Tulipofika Makoko akasema maneno matatu tu: "Mama yako hapandi." Nikamwambia daktari amesema nini. Akasema amesikia alichosema daktari, na amesikia pia nilichosema mimi, mhandisi, mwenye kujua. "Wewe mwenyewe umekiri inaweza kupasuka."

"Baba, hata kitanda kinaweza kuvunjika!"

"Usianze tena."

Nikaenda kusimama ziwani kwa hasira. Nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yanawaka. Nilimkasirikia baba, na baba mkubwa na fimbo yake, na nilijikasirikia mimi zaidi ya wote wawili. Lakini nilijua jambo moja: mama anaenda Dar. Sikujua kwa njia gani, ila anaenda, hata kama nitasusiwa na ukoo mzima. Nafasi ya hospitali haikuwa inasubiri vikao vyetu.

Shangazi yangu, dada yake baba, mkulima wa Bugwema aliyekuja kumuuguza wifi yake, akanifuata na kanga begani. "Wewe mtoto umesoma mpaka ukapitiliza," akasema. "Rudi uwaambie umekosea hesabu. Sema haipasukagi. Kuna shida gani?"

"Si kweli, shangazi."

"Kwani nimekuuliza kama ni kweli?"

Nikacheka, sikuwa nimetegemea kucheka siku ile. Nilifikiria kweli kusema uongo. Nusura. Ila nilimjua mama. Mama alikuwa anamshika samaki aliyelala, asiye wa siku hiyo, kwa kumgusa jicho, na sisi watoto alitushika uongo hivyo hivyo, kwa kutuangalia tu. Na moyoni nilikuwa na kiburi changu: watu wanapanda ndege salama kwa sababu kuna mtu mahali fulani alikataa kuandika sifuri. Sikutaka kuiandika kwa mara ya kwanza kwa ajili ya mama yangu mwenyewe.

Kesho yake asubuhi mama aliniita. Alikuwa amekaa mlangoni na ungo wa dagaa mapajani, anachambua. Kuchambua ndiyo kazi pekee waliyomwachia.

"Nasikia nimehesabiwa," akasema.

Nikapiga magoti. "Nisamehe, mama."

"Inuka bwana, sakafu ina baridi. Nieleze hiyo kazi. Miaka yote nawaambia watu mwanangu anafanya kazi ya ndege, mimi mwenyewe sijawahi kuelewa."

Nikatafuta pa kuanzia, nikaona ungo. Nikamuuliza, "Dagaa walioanikwa mchangani, ukishawachambua, unaweza kumwapia mteja kwamba hatang'ata jiwe?"

"Aka! Nani anaapa hivyo? Nachambua, napepeta, nachambua tena. Jiwe moja litanipita tu."

"Na gunia zima, mawe yako sawa sawa juu na chini?"

"Chini ndiyo kwenyewe. Mchanga wote unashukaga chini. Chini nachambuaga mara mbili."

"Na sisi ndivyo tunafanya. Diski tunaigawa sehemu sehemu. Kuna sehemu inavutwa sana, pale tunakagua zaidi. Kipunje kinaweza kutupita. Kwa hiyo tunajiuliza, kama kimetupita, tuiache ndani ya injini mpaka lini? Kabla ufa haujafika pabaya tunaitoa."

"Mnaitoa imepasuka?"

"Hapana, mama. Tunaitoa nzima. Karibu zote tunazozitoa ni nzima, zingeweza kuendelea. Ila hatujui ipi haiwezi, kwa hiyo tunazitoa zote."

Vidole vyake viliendelea kutembea kwenye dagaa. Alikuwa anavuta pumzi kwa mabega. Halafu akauliza swali ambalo hakuna mzee hata mmoja aliyeliuliza Butiama, na mimi mwenyewe, na digrii zangu zote, sikuwa nimeliuliza.

"Nikipanda ndege umenihesabu. Nikikaa hapa hapa mlangoni je?"

Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi katafute."

Nikaenda hospitali, nikamsubiri daktari mpaka akamaliza wagonjwa. Nikamwambia nataka namba. Akajizungusha kwanza, madaktari wanajua kujizungusha, kila mtu na mwili wake, Mungu yupo, na kadhalika. Nikamwambia, "Daktari, kazi yangu ni namba mbaya. Nipe." Akaniangalia, akafunga mlango, akanipa. Wenye valvu kama ile, wakiachwa bila kupasuliwa, wangapi wanafika mwaka wa pili. Nililia palepale kwenye kiti chake, kwa sauti, na wagonjwa wako nje ya mlango. Kisha nikanawa uso nikarudi Makoko.

Nilimwambia mama tukiwa wawili tu. Hakulia. Aliuliza kama nina uhakika, nikamwambia nina uhakika na daktari, na daktari ana uhakika na wengi aliowaona. Akatikisa kichwa taratibu. "Waite," akasema. "Baba yako na kaka yake. Waje wao. Mimi siwezi kwenda Butiama, waje hapa, waniangalie ninavyopumua."

Kumwita baba mkubwa Makoko! Nilidhani hatakuja. Alikuja, na koti lake zito, akakaa kiti cha ukutani, baba akakaa pembeni yake. Shangazi akaleta chai, hakuna aliyeinywa. Mama akawashukuru kwa kufika, akapumzika, akaanza tena.

"Shemeji, juzi mwanangu aliwakosea. Alinihesabu bila ruhusa yangu. Leo nampa ruhusa. Nihesabu, mwanangu. Mbele yao. Sema nikibaki hapa."

Baba akasema, "Hapana." Mama akanyoosha mkono, akamgusa goti. Sijawahi kumwona akimgusa baba mbele ya kaka yake.

"Sema," akaniambia.

Nikaisema. Sitaiandika hapa, niliitaja mara moja na inatosha. Nilisema hii ni ya kukaa mlangoni, na ile niliyosema Butiama ni ya ndege, na kuna ya tatu, ya upasuaji wenyewe, ambayo watatupa wao Dar, na haitakuwa ndogo kama ya ndege. Nikamaliza kwa kusema kwamba sikuja kumtabiria mtu kifo, kwamba hata kazini hatutabiri, tunaamua tu lini tusiendelee kusubiri.

Baba mkubwa alimwangalia mama muda mrefu. Sio mimi, mama. Aliangalia mabega yanavyopanda na kushuka, na miguu iliyovimba juu ya kigoda. Nadhani alikuwa hajamwona tangu mvua za nyuma. Alipoongea aliongea na baba, sio na sisi. "Mimi niliambiwa habari ya ndege tu," akasema. "Hii sikuambiwa." Halafu akaomba tuombe. Mzee ambaye kanisani anaingia Krismasi tu, aliomba mwenyewe, kwa lugha ya nyumbani, na alipofika kwa mama alimtaja kwa jina lake la usichana.

Tuliondoka Musoma kwenda Mwanza kwa gari la kukodi, alfajiri. Baba naye alipanda. Tulipofika Bunda tukasimama mama apumzike, tukamnunulia uji kwenye mgahawa wa pembeni ya stendi, akanywa nusu. Baba alishuka, akazunguka gari, akaja dirishani kwangu. "Mimi naishia hapa," akasema. "Siwezi kuiangalia inapaa." Uso wake ulikuwa umekunjamana wote. Nilitaka kumkasirikia na sikuweza. Alimfunga mama sweta vifungo vyote mpaka shingoni, asubuhi ile ya joto, na mama akamwacha afunge. Tulipoondoka nilimwona amesimama katikati ya watu wa mabasi, hajui aende upande gani.

Ndege ilitufikisha. Sina zaidi ya kusema juu yake. Mama alilala.

Dar, siku ya upasuaji, daktari bingwa alikuja pembeni ya kitanda na karatasi ya kusaini. Akaanza kueleza. Alipofika kwenye hatari nikajikuta namkatiza: "Daktari, hiyo usiseme." Mimi! Bi Ajali! Nilikuwa nimeshika chuma cha kitanda, sitaki kusikia namba ya mama yangu. Nilimwelewa baba mkubwa kwa mwili mzima.

Mama akasema, "Mwache aseme. Anayepasuliwa ni mimi."

Daktari akasema. Haikuwa ndogo. Mama akanigeukia, amevaa lile gauni la kijani linalofungwa nyuma, nywele zimefichwa kwenye kofia ya plastiki.

"Diski zako," akasema. "Ukipewa diski yenye namba hii, unairuhusu iruke?"

Ningeweza kumdanganya hapo. Alikuwa anakwenda, hapakuwa tena na kikao cha kushawishi.

"Hapana, mama."

"Ungefanyaje?"

"Ningeisimamisha ndege siku hiyo hiyo."

Daktari akanitolea macho. Mama akaendelea kunisubiri, alijua sijamaliza.

"Lakini ndege ukiisimamisha, inakaa tu chini. Inakuwa salama pale ilipo. Wewe ukikaa chini..."

"Mimi nikikaa chini ndiyo nakufa," akamalizia, kama anayesoma bei.

"Ndiyo, mama."

Akamwangalia daktari, akamwangalia nesi, akajifuta jasho juu ya mdomo. "Basi turuke," akasema. "Mpe huyu kalamu, mkono wangu umevimba."

Nikasaini. Wakamsukuma. Nilikaa kwenye benchi la kule nje na sikupiga hesabu yoyote. Nilisali sala fupi ile ile, naimaliza naianza, mpaka yule daktari akatoka, barakoa imeshuka kidevuni, akanitafuta kwa macho.

Nikampigia baba. Alipokea kabla haijaita vizuri, hakusema haloo.

"Mzima," nikamwambia.



"Rudia," akasema.

"Mama mzima, baba. Ametoka."

"Rudia tena."